Hakuna Aliyepumua Humu

Land Cruiser nyeupe ilipita taa nyekundu kana kwamba taa ile iliwekwa kwa ajili ya watu wengine.

Shemeji naye akapita.

Alikuwa juu ya Yamaha, mvua inamchapa usoni, na ndani ya kofia simu ilikuwa inazungumza naye sikioni. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu kupita kiasi kwa asubuhi ya namna ile.

"Shemeji, nasikia mgonjwa katolewa hospitali bila ruhusa."

"Namwona kwa mbele, Shangazi."

"Mrudishe. Wakwe wanakuja baada ya chakula cha mchana, na wanataka wamsikie akizungumza mwenyewe."

"Nikimpata ana mikwaruzo je?"

"Mzima, Shemeji. Akikwaruzika, na wewe usirudi nyumbani."

Simu ikakatika.

Katika Idara ya siri aliyoitumikia hakuna aliyetumia jina lake wala namba. Wote walikuwa ukoo mmoja. Mkuu wao alikuwa Shangazi, mtunza silaha alikuwa Mjomba, na huyu wa kwenye pikipiki, ambaye hajawahi kuoa wala kuozesha, alikuwa Shemeji. Mtu wa kudukua simu zao angesikia habari za harusi, wagonjwa na ugomvi wa urithi mpaka achoke, avue vidude vyake masikioni na kutafuta kazi nyingine.

Mgonjwa wa siku ile alikuwa kasha la plastiki la bluu lenye chupa za maji ya bahari. Wakwe walikuwa Tume.

Kampuni moja ya kigeni ilikuwa ikikusanya hewa ukaa kutoka viwandani na kuishindilia ndani ya kisima kikuukuu cha mafuta, chini ya sakafu ya bahari. Ilijisifu kwamba gesi ile imefungiwa humo milele. Sasa ilitaka kupitisha bomba jipya chini ya ghuba, mlangoni kabisa mwa mji, na Tume ilikuwa ikae siku hiyo kuamua. Mtu mmoja tu, mtafiti wa bahari, alikuwa akisema kisima kinavuja. Ushahidi wake ulikuwa ndani ya kasha lile. Kampuni ilikwisha kumwaga saruji juu ya ufa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kwenda kuchota maji mengine kama yale.

Land Cruiser ilikata kona kuingia mtaa wa maghala. Shemeji alikata kona nyuma yake, goti likikaribia kugusa lami.

Akachomoa Glock.

Risasi ya kwanza ilikwenda zake. Ya pili iliingia kwenye tairi la nyuma, gari likayumba, likapanda ukingo na kulalia rundo la mabomba ya zege.

Dereva alishuka na mikono yake juu kabla hajaamriwa.

"Kasha liko nyuma," alisema kabla hajaulizwa.

Shemeji hakupenda. Katika kazi yake alikwisha kuona wezi wakipigania gari, wakipigania mzigo, wakipigania hata viatu. Huyu alikuwa akikabidhi kasha kama tarishi anayetaka tu kusainiwa. Lakini kasha lilikuwa zima, muda ulikuwa haba, na mashaka yale akayaweka kiporo. Alimfunga dereva pingu kwenye nguzo ya taa, akawapigia polisi waje wamwokote, kisha akafunga kasha nyuma ya Yamaha na kugeuza.

* * *

Maabara ya Taasisi ya utafiti wa bahari ilinuka chumvi na spiriti. Mtafiti alikuwa amesimama mezani akingoja, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi zilizoingia mvi, koti jeupe lililochanika mfuko, na kitambaa cheusi shingoni.

Kitambaa kile kilikuwa cha mwanawe.

Kijana huyo alikuwa mpiga mbizi wa Taasisi. Alizama kwenye ufa wa kisima kumchotea mama yake maji, na aliporudishwa alikuwa maiti. Taarifa ya Kampuni ilisema alikufa maji akiwa amelewa. Mwenzake aliyekuwa botini hakuipinga. Mama alijua mwanawe hajawahi kugusa pombe, lakini neno la mama juu ya mtoto wake halikuwa ushahidi mbele ya Tume yoyote.

Ushahidi ulikuwa chupa iliyoning'inia kwenye mkanda wa marehemu, aliyoijaza na kuifunga mwenyewe kule chini. Pale gatini, watu wakifunika mwili kwa turubai, mama aliifungua chupa ile, akapunguza maji kidogo na kutia tone la sumu ya zebaki, ili kisiwepo kijidudu cha kuendelea kupumua ndani yake na kuharibu vipimo. Kisha akaifunga. Waliomwona walisema akili imemruka kwa msiba. Yeye alikuwa anajua kwamba ikifika jioni bila sumu ile, maji yale hayatasema tena kilichomuua mtoto wake.

Shemeji alitua kasha mezani, kifua mbele.

Mtafiti alitoa chupa moja na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama. Akatoa ya pili, akatoa ya tatu.

"Hizi si zangu," alisema.

Shemeji alidhani hakusikia vizuri. Chupa zilikuwa na kila kitu alichoelezwa: kizibo cha kioo, grisi shingoni, mpira wa kukaza kizibo. Mtafiti alimwonyesha kwa kidole. Maji yaligusa kizibo.

"Mimi huacha nafasi ya hewa hapa juu, kiasi cha upana wa kidole. Maji yakipata joto hutanuka. Usipoyaachia nafasi yanasukuma kizibo au yanapasua chupa. Hizi zimejazwa pomoni."

Shemeji alijiona bwege. Ameendesha pikipiki kwenye mvua, amefyatua risasi katikati ya mji, amerudi akitamba kama jogoo, na alichorudisha ni maji ya chumvi ambayo mtoto yeyote angeyachota ufukoni.

Mchezo wenyewe sasa ulikuwa wazi. Kama asingeikamata Land Cruiser, ushahidi ungekuwa umepotea. Kwa kuwa ameikamata, mtafiti angepima maji ya kawaida mbele ya Tume na kuchekwa hadi nje ya mlango. Kwa vyovyote Kampuni ilikuwa inapata. Chupa za kweli zilibadilishwa kabla gari halijafika, ndani ya jengo hili hili.

Zilibadilishwa na nani?

Kwenye kigoda pembeni alikaa kijana mwenye mabega mapana, kitambaa amekibana kwenye paji la uso. Walimwita Pezi. Ndiye aliyekuwa botini siku ile. Tangu mazishi alikuwa akienda nyumbani kwa mtafiti karibu kila juma, akimtengenezea bomba, akila mezani pake, akimwita Mama. Kulinda kasha asubuhi hii aliomba mwenyewe.

Shemeji alimwuliza, na Pezi akaeleza bila kubabaika. Alijifungia na kasha stoo tangu kulipokucha, akaliweka katikati ya miguu yake. Hakutoka hata kwenda haja. Hakuingia mtu, mpaka alipotokea mwenye bastola, akampiga kwa kitako cha bastola hiyo na kulibeba kasha. Kama kuna aliyebadilisha chupa, basi ni jini.

"Nionyeshe stoo, Dokta," Shemeji alimwambia mtafiti.

Kilikuwa chumba kidogo cha baridi kisicho na dirisha. Rafu pande mbili, kiti kimoja. Ukutani palikuwa na mashine ya ukubwa wa redio, kijimrija kikitokeza chini yake, na kioo chenye mstari wa kijani.

Shemeji alipenda mashine. Akauliza hii ni ya nini.

Mtafiti alisema inapima hewa ukaa ya chumba, mchana na usiku. Gesi hiyo hiyo ndiyo anayoipima kwenye maji, na binadamu huitoa kila anapopumua, ikaweza kumharibia vipimo. Mtu mmoja akijifungia humu, mstari unapanda. Wakikaa wawili, unapanda haraka zaidi. Alikwisha kuwatimua wanafunzi waliogeuza stoo kuwa mahali pa kubembelezana na wachumba kwenye simu, na walipobisha aliwaonyesha mstari.

Ndipo alipoutazama mstari wa asubuhi ile.

Shemeji naye akautazama.

Mtu amejifungia humu tangu kulipokucha. Mstari ulipaswa kuwa umepanda kama ngazi. Ulikuwa bapa. Palikuwa na kijinundu kidogo mwanzoni, kasha lilipoingizwa, na kingine mwishoni kabisa. Katikati hapakuwa na kitu.

"Hakuna aliyepumua humu," mtafiti alisema.

Alilitamka hivyo hivyo, kama mtu anayesoma kipimo. Kisha uso wake ukabadilika, kwa sababu jambo la pili lilikuwa limemfikia. Wapiga mbizi huzifunga chupa huko huko chini, zikiwa zimejaa mpaka juu. Nafasi ya hewa huachwa baadaye, hapa mezani, na yeye mwenyewe. Pezi alikuwa akikabidhi chupa na kwenda kuosha vifaa vyake. Hajawahi hata mara moja kubaki akatazama, hata siku ile gatini.

Aliyezijaza zile za bandia alizijua chupa kama mpiga mbizi azijuavyo.

Walirudi maabara mbio. Kigoda kilikuwa kitupu. Kitambaa kilikuwa sakafuni, cheupe, hakina hata doa la damu.

Shemeji aliipandisha redio yake ya Motorola mdomoni.

"Geti, katoka mtu?"

"Hajatoka mtu. Kaingia mmoja. Mhandisi wa Tume, ana kitambulisho."

"Kaelekea wapi?"

"Kauliza chumba cha mitungi."

"Funga geti."

* * *

Chumba cha mitungi kilikuwa chini ya jengo, mwisho wa ngazi nyembamba za saruji. Ndimo ilimokaa kompresa ya kujazia mitungi ya wapiga mbizi, na birika kubwa la kuoshea vifaa.

Pezi alikuwa ameketi ngazi ya juu kabisa, kichwa kati ya magoti. Hakuinuka alipoona bastola.

Alizungumza haraka haraka, kama mtu anayetapika. Kasha la kweli limo chini, ndani ya birika, chini ya maji. Aliambiwa amwage maji ya chupa asubuhi, akalibeba mpaka kwenye mfereji, akavua mpira wa chupa moja, na mkono ukagoma. Kwa hiyo sasa wamemtuma mtu wao aje afanye mwenyewe.

Shemeji alimwuliza kwa nini, na hilo Pezi alilieleza polepole zaidi. Siku ile bahari ilikuwa imelala, upepo hakuna. Gesi ilikuwa inatoka chini kwa povu na kutanda juu ya maji. Mwenzake aliibukia katikati ya povu, akatoa mdomoni kidude cha kupumulia, akavuta pumzi, akaanza kutapatapa. Pezi botini naye alihisi kichwa kinazunguka. Akawasha injini na kukimbia. Aliporudi hapakuwa na wa kuokoa. Jioni yake mtu wa Kampuni alikuja kuketi naye, mpole kweli kweli, akamwambia kwamba marehemu akiwa mlevi, hakuna atakayeuliza boti ilikuwa wapi.

Risasi ilitoka chini bila mlio na kung'oa kipande cha ukuta karibu na sikio la Shemeji.

Kizuia sauti. Mtu wa kazi.

Sauti ya Mgeni, yule aliyejiita mhandisi, ilipanda ngazi, Kiswahili safi chenye ubaridi. Anataka gari mlango wa nyuma. Mtu akishusha mguu hata ngazi moja, ataanza kuvunja chupa, na ataanza na ile wanayoipenda.

Shemeji aliifahamu sauti ile. Aliisikia kwenye mkutano wa hadhara wa Kampuni, ikiwatuliza wananchi. Gesi hii haina neno, ndugu zangu. Ni hiyo hiyo mnayoinywa kwenye soda.

Alitazama ukutani. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imepangwa kwenye korido, mikubwa, midomo yake mipana kama tarumbeta. Alisoma lebo.

Hewa ukaa.

Gesi nzito kuliko hewa. Hushuka, hutafuta pa chini, na hukaa huko.

Akang'oa pini ya kwanza, akaelekeza mdomo wa mtungi chini ya ngazi na kubana. Wingu jeupe lilishuka likinguruma. Mtungi ulipoisha akachukua wa pili, kisha wa tatu, mpaka korido haikuwa na kitu.

"Tulia tu, ndugu yangu," Shemeji alimwambia Mgeni kule chini. "Ni ya soda."

Chini, Mgeni alikohoa. Risasi moja iligonga dari. Nyingine haikugonga kitu cha maana. Kisha chuma kikaanguka juu ya saruji, na baada ya chuma kikaanguka kitu kizito zaidi.

Kimya.

Sasa mtu ilibidi ashuke, tena upesi. Kwenye rafu pale juu palikuwa na mtungi wa kuzamia uliojazwa. Shemeji alipougeukia, Pezi alikuwa amekwisha kuubeba mgongoni.

"Mimi ndiye mpiga mbizi," alisema.

Shemeji alimtazama. Mtu huyu kwa teke moja angemaliza kazi iliyomshinda asubuhi. Yeye mwenyewe, kwa upande wake, hakujua hata kidude kile cha kupumulia kinang'atwa kwa namna gani. Idara ilimfundisha kutomwamini mtu mpaka baada ya arobaini yake.

Akapisha njia.

Pezi alizama kwenye ukungu mweupe, na Shemeji akabaki na bastola yake akisikiliza. Maji yalitikisika birikani. Kioo kikagongana na kioo. Shemeji alijikuta naye amebana pumzi.

Kasha lilitokea kwanza, likichuruzika maji. Pezi aliliweka miguuni pa Shemeji na kugeuka kurudi chini bila kutumwa. Alikawia zaidi safari hii. Alipotoka alikuwa akimburuta Mgeni kwa ukosi, uso umekuwa wa kijivu, kifua bado kinapanda na kushuka. Akamlaza koridoni, akatoa kidude mdomoni na kukaa chini.

"Yule nilimwacha," alisema.

Shemeji aliwafunga pingu wote wawili.

* * *

Mwenyekiti wa Tume alikuja mwenyewe, mwavuli unadondosha maji, akasema anataka kuona kwa macho yake. Mtafiti alimpa kigoda.

Pezi alisimama mlangoni, mikono imefungwa, akarudia mbele ya Mwenyekiti yote aliyoyasema ngazini, bila kujipunguzia. Mtafiti alikuwa akiosha mrija wa mashine na hakugeuka. Alipomaliza kuosha ndipo alipouliza, na aliuliza swali moja tu.

"Alikuita?"

Pezi aliinamisha kichwa.

"Aliniita, Mama."

"Usiniite hivyo."

Akatoa chupa kashani. Maji yaliishia upana wa kidole chini ya kizibo, kama alivyoyaacha mwenyewe gatini.

Kupima ni kumaliza. Mashine huyanywa maji, huyatia asidi, gesi yote ikatoka na kuhesabiwa, na kinachobaki ni uchafu wa kumwaga. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Kwa muda wote huo chupa hii ilikaa kwenye rafu ya stoo, na siku nyingine aliingia humo bila shughuli yoyote, akatoka mstari ukiwa umepanda. Kilikuwa kitu cha mwisho kufungwa na mkono wa mwanawe. Shemeji alimwona ameishika kwa mikono miwili, na akatamani kutazama kwingine.

Mtafiti alivua mpira. Akazungusha kizibo.

Mashine ikaanza kuvuma. Namba ya kwanza ilipotokea alirudia kupima. Akarudia tena, na namba zikakubaliana, na kila safari maji yalipungua.

Mwenyekiti aliuliza namba zile zinamaanisha nini.

"Kwamba pale palikuwa panatoka gesi ya kumlaza mtu kwa pumzi mbili," alisema mtafiti. "Awe amelewa au asiwe amelewa."

Mwenyekiti alizitazama tena namba. Kisha alisema bomba halitapita ghubani, na kwamba taarifa ya kifo itaandikwa upya. Alitoa pole, akachukua mwavuli wake na kutoka.

Mtafiti hakushangilia. Alibaki na chupa tupu mkononi. Sheria ya maabara ni kwamba chupa ikishatumika husuuzwa mara tatu na kuanikwa, ingoje safari nyingine. Aliipeleka kwenye sinki, akafungua bomba na kusimama hapo maji yakimwagika bure. Akalifunga. Chupa akaiweka dirishani kama ilivyo, na chumvi yake ndani.

Halafu akalia, wima, mgongo umewaelekea.

Shemeji alitoka. Mvua ilikuwa imekatika. Polisi walikuwa wakimpakia Mgeni kwenye gari, na nyuma yake Pezi, aliyeingia bila kusukumwa. Simu ikalia.

"Mgonjwa vipi?" Shangazi aliuliza.

"Kazungumza."

"Kasema nini?"

Shemeji alitazama dirisha lenye chupa.

"Kasema hakuwa amelewa."

Miaka yote ile ukoo wao ulikuwa ukizika watu wa kubuni, na hakuna aliyewahi kumwaga chozi.

"Mpe mama yake pole," Shangazi alisema.

"Kwa lugha ya ukoo?"

"Kwa lugha ya watu, Shemeji. Nenda ukampe."

Akarudi ndani. Hakukaa sana, na alichosema huko hakukitia kwenye ripoti.

Alipotoka alivaa kofia, akawasha Yamaha na kuelekea mjini. Barabara ilikuwa tupu. Kwenye makutano taa ilikuwa nyekundu, na safari hii akasimama, akaweka mguu chini na kungoja.